Jina la Baba, Kura ya Nani?

Mwaka 1995 Mwalimu Julius Nyerere alizunguka nchi kumnadi Benjamin Mkapa, mgombea urais wa CCM. Siku hizo hizo mwanawe, Makongoro, alikuwa Arusha akiomba kura za ubunge kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi, chama cha Augustine Mrema, mpinzani mkubwa wa Mkapa. Makongoro akashinda. Baadaye mahakama ilitengua ushindi huo, naye akarejea CCM. Kwa nyakati tofauti akawa mwenyekiti wa chama mkoani Mara na mbunge wa Bunge la Afrika Mashariki, na mwaka 2015 akatangaza nia ya urais huko Butiama. Jina lake halikuingia hata tano bora. Mwaka 2021 aliteuliwa kuwa Mkuu wa Mkoa wa Manyara. Hapo ndipo lilipomfikisha jina ambalo katika siasa za Tanzania hakuna linalolizidi ukubwa.

Wengine wenye baba waliokaa Ikulu wamefika mbali zaidi. Amani Abeid Karume aliiongoza Zanzibar kuanzia 2000 hadi 2010, na Hussein Ali Mwinyi anaiongoza tangu Novemba 2020. Uhuru Kenyatta alikuwa Rais wa Kenya kwa miaka 9, kuanzia 2013 hadi 2022. Huko Kongo, Joseph Kabila alishika madaraka miaka 18. Na Novemba 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipopanga serikali yake baada ya uchaguzi, miongoni mwa mawaziri alikuwemo Ridhiwani Kikwete, mtoto wa Rais wa Awamu ya Nne, na miongoni mwa manaibu waziri alikuwemo Wanu Hafidh Ameir, binti wa Rais mwenyewe.

Kila majina haya yanapotajwa, mabishano huwa yale yale. Wapo wanaosema mtoto wa rais naye ni raia, ana haki ya kuchagua na kuchaguliwa. Wapo wanaojibu kwamba nchi si mali ya ukoo. Wote wawili wanasema kweli, na ndiyo maana hakuna anayemshinda mwenzake, miaka nenda miaka rudi. Mimi naona macho yetu yameelekea pasipo. Tunamkodolea macho mtoto, tunamhesabia shule zake na ndugu zake, na tunaacha kuutazama mlango aliopitia. Kinachoamua safari yake ni namna vyama vinavyoteua wagombea, na namna marais wanavyoteua wasaidizi wao. Hapo ndipo Kenya, Tanzania Bara na Zanzibar zinapotofautiana, na hapo ndipo pa kurekebisha.

Jina linatoa nini

Tusijidanganye kwamba jina halina kazi. Kwanza, linamwondolea mgombea gharama ya kujulikana. Mwalimu wa sekondari anayetaka ubunge atazunguka misibani, kwenye harusi na harambee kwa miaka kabla watu hawajamshika jina. Mtoto wa rais anafika jimboni watu wameshamjua. Pili, linampa watu: makatibu wa chama waliopanda vyeo enzi za baba, wazee wenye kauli vikaoni, wafanyabiashara wanaokumbuka fadhila. Tatu, linampa malezi. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na aliyekulia nyumba ya siasa anajifunza mapema kikao huendeshwaje, nani huombwa radhi kabla ya nani, na habari gani haisemwi mbele ya wageni.

Kenya inaongeza la nne, nalo ni mali. Familia ya Kenyatta na familia ya Moi zina ardhi na biashara ambazo mgombea wa kawaida hawezi kuzifikia. Tanzania, Azimio la Arusha la 1967 liliwawekea viongozi miiko: kutokuwa na hisa katika makampuni, kutopokea mishahara miwili, kutopangisha nyumba. Kwa sababu hiyo watoto wa Mwalimu hawakurithi utajiri wa kuendeshea kampeni. Miiko hiyo ililegezwa katika kikao cha CCM kilichofanyika Zanzibar mwaka 1991, na tangu hapo pengo kati ya nchi hizi mbili limekuwa likipungua.

Lakini vitu vyote hivyo vinne vikikusanywa pamoja, bado havitoshi. Ushahidi uko kwenye masanduku ya kura.

Kenya: mahakama ya mpiga kura

Uhuru Kenyatta aliingia ulingoni mwaka 1997, kwa tiketi ya KANU, katika jimbo la Gatundu Kusini. Hiyo ni ardhi ya nyumbani kwao. Baba yake, Mzee Jomo, aliiwakilisha Gatundu bungeni hadi alipofariki mwaka 1978. Mtoto akashindwa. Wapiga kura wa Mlima Kenya walikuwa wameikataa KANU ya Rais Daniel arap Moi, na jina la Kenyatta halikuwafanya wabadili nia.

Aliyemwokoa ni Moi. Mwaka 1999 alimpa uenyekiti wa Bodi ya Utalii. Mwaka 2001 akamwingiza bungeni kama mbunge wa kuteuliwa, kisha akampa Wizara ya Serikali za Mitaa. Mwaka 2002 akamsimamisha kuwa mgombea urais wa KANU. Kwa muda usiozidi miaka 5, mtu aliyekataliwa na jimbo moja akawa anaombewa nchi nzima. Wakenya waliuita mpango huo "Project", na neno hilo lilimwandama kote kampeni zilikopita. Tarehe 14 Oktoba 2002, siku ambayo KANU ilimpitisha Uhuru rasmi, waliokihama chama hicho wakiongozwa na Raila Odinga walifurika Uhuru Park wakatangaza kwamba Kibaki tosha. Desemba, Mwai Kibaki akapata takriban asilimia 62 ya kura, Uhuru asilimia 31.

Moi naye alionja joto hilo kwa wanawe wa kumzaa. Mwaka 2002 Gideon Moi alirithi jimbo la baba yake, Baringo ya Kati, bila kupingwa. Mwaka 2007, wimbi la ODM, chama cha Raila, lilipopita Bonde la Ufa, Gideon, Raymond na Jonathan waligombea ubunge katika majimbo matatu na wote watatu wakaangushwa. Gideon alirudi kama Seneta wa Baringo mwaka 2013, akashinda tena 2017. Februari 2020, Mzee Moi alipozikwa Kabarak, lile rungu lake mashuhuri alikabidhiwa Gideon mbele ya waombolezaji, na wengi wakaona urithi wa siasa umekamilika. Miaka miwili baadaye wapiga kura wa Baringo walimnyima kiti cha useneta.

Uhuru alifika Ikulu mwaka 2013, kwa asilimia 50.07, akinusurika duru ya pili kwa kura chache mno. Nisingesema alifikishwa na jina. Kati ya 2002 na 2013 alikuwa ameshinda ubunge Gatundu Kusini, ameongoza upinzani bungeni, amemuunga mkono Kibaki, amekuwa Naibu Waziri Mkuu na Waziri wa Fedha. Mashtaka ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai yalimuunganisha na William Ruto, na muungano huo ukawaleta pamoja wapiga kura wa Mlima Kenya na wa Bonde la Ufa. Hesabu ya makabila na miungano ndiyo iliyompa kiti. Mwaka 2022, alipowaomba watu wa Mlima wamchague Raila, mtoto wa Jaramogi Oginga Odinga, Makamu wa Rais wa kwanza wa Kenya, walimpa kisogo. Ruto alikuwa amewaambia kwamba uchaguzi ule ni kati ya mahasla na familia za kifalme, na wengi wakamwitikia.

Sisemi Kenya imepona. Kura yake bado inaendeshwa kwa ukabila na kwa pesa, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu ililazimika kufuta matokeo ya urais. Ila mtoto wa rais nchini Kenya hukutana na hakimu ambaye baba hawezi kumpigia simu.

Tanzania na Zanzibar: kura ya kikao

Tanzania mambo huamuliwa mapema zaidi, na pengine kwa utulivu zaidi. Ibara ya 67 ya Katiba inamtaka mgombea ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa na apendekezwe na chama hicho, na mgombea urais naye amefungwa na sharti kama hilo. Mgombea binafsi hakuna. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila na wenzake kwamba katazo hilo linavunja haki zinazolindwa na Mkataba wa Afrika. Katazo lingalipo. Kwa hiyo kikao cha chama kikikukata jina umekwisha, hata kama jimbo zima linakutaka. Na kikikupitisha katika jimbo ambalo upinzani ni dhaifu, kampeni inabaki kuwa sherehe.

Angalia Zanzibar mwaka 2000. Dk. Mohamed Gharib Bilal, aliyekuwa Waziri Kiongozi, ndiye aliyeongoza katika kikao cha CCM upande wa Zanzibar. Halmashauri Kuu ya Taifa, ambayo wajumbe wake wengi hutoka Bara, ikamteua Amani Karume. Angalia tena mwaka 2020. Zaidi ya wanachama 30 walichukua fomu kule Kisiwandui, ofisi kuu ya CCM Zanzibar, wakiwemo mawaziri na wanasiasa wenye miaka mingi kazini. Majina yakachujwa hadi yakabaki matatu. Tarehe 10 Julai, Dodoma, kura zikahesabiwa: Hussein Mwinyi 129, Dk. Khalid Salum Mohamed 19, Shamsi Vuai Nahodha 16. Jumla yake ni kura 164. Wapiga kura walioandikishwa Zanzibar mwaka ule walizidi laki tano, na uamuzi mkubwa kuliko wote kuhusu nani atawaongoza ulifanywa na watu ambao wangeenea katika ukumbi mmoja wa harusi. Januari 2025 hata fomu hazikuchukuliwa: Mkutano Mkuu Maalumu uliwapitisha Samia na Mwinyi moja kwa moja.

Lazima tumpe Dk. Mwinyi haki yake. Ni daktari kwa taaluma. Mwaka 2000, miaka 5 baada ya baba yake kutoka Ikulu, alishinda ubunge wa Mkuranga, wilaya alikozaliwa mzee wake, na papo hapo akawa Naibu Waziri wa Afya akiwa na umri wa miaka 33. Mwaka 2005 alihamia jimbo la Kwahani, Zanzibar. Alipitia wizara za Muungano, Ulinzi na Afya, akatumikia chini ya marais watatu. Uzoefu huo ni wa kweli. Lakini swali linabaki: ni vijana wangapi wa miaka 33 wenye taaluma kama yake waliopewa unaibu waziri mwaka ule wa kwanza bungeni? Jina halikumfanyia kazi ya uwaziri. Lilimpatia nafasi ya kuianza mapema, na anayeanza mapema hufika na wasifu ambao baadaye hutajwa kama sababu ya kumchagua.

Chalinze, Aprili 2014, inaonyesha jambo lingine. Mbunge Said Bwanamdogo alikuwa amefariki. Ridhiwani Kikwete alishinda kura za maoni, akashinda uchaguzi mdogo kwa kishindo, katika jimbo ambalo baba yake, aliyekuwa Rais wakati huo huo, aliwahi kulishikilia. Wiki chache kabla, jimbo la Kalenga lilikuwa limemchagua Godfrey Mgimwa kurithi kiti cha baba yake, Waziri wa Fedha William Mgimwa, aliyefariki Januari. Hata hivyo njia hii nayo hukwama. Mwaka 2012, Arumeru Mashariki, CCM ilimsimamisha Sioi Sumari arithi kiti cha marehemu baba yake, na wapiga kura wakamchagua kijana wa CHADEMA, Joshua Nassari. Upinzani ukiwa na nguvu jimboni, mpiga kura wa Tanzania hukataa kurithishwa kama wa Gatundu alivyokataa.

Na tuangalie pia warithi hawa ni akina nani. Karibu wote ni wanaume. Wanu Hafidh Ameir ni wa pekee katika orodha hii, na hata yeye aliingia Baraza la Wawakilishi mwaka 2010 kwa viti maalumu, njia inayotegemea vikao vya chama kwa asilimia mia, kabla ya kuwa mbunge wa Makunduchi mwaka 2025. Siasa ya urithi, tukiiacha ijiendeshe, hufuata mila za mirathi: mtoto wa kiume kwanza.

Akishaingia, jina linatawala vipi?

Hapa ndipo wanaotetea urithi na wanaoupinga wote hukosea, maana jina halitabiri lolote. Amani Karume ni mfano wa pande zote mbili. Januari 2001, miezi michache baada ya kuapishwa kufuatia uchaguzi uliopingwa vikali, vyombo vya dola viliwapiga risasi waandamanaji, hasa Pemba. Watu wakafa, na zaidi ya elfu mbili wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya, kama wakimbizi. Rais huyo huyo, Novemba 2009, aliketi na kiongozi wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad, wakapatana, na Julai 2010 Wazanzibari wakaikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa kwa kura ya maoni iliyopata asilimia 66. Baba yake, Mzee Abeid Karume, alitawala bila uchaguzi hadi alipouawa Aprili 1972. Mtoto aliacha nyuma yake maridhiano.

Kwa akina Mwinyi mambo yalikwenda kinyume. Miaka ya 1970, Mzee Ali Hassan Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu ya watuhumiwa waliokufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga. Hakumgusa mtu yeyote kwa mkono wake, ila aliona dhamana ni yake. Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi lililipuka Mbagala, na Februari 2011 lingine likalipuka Gongo la Mboto. Makumi ya watu walikufa, nyumba zikabomoka. Waziri wa Ulinzi katika milipuko yote miwili alikuwa Hussein Mwinyi. Aliombwa ajiuzulu, hakujiuzulu, na Rais Kikwete hakumwondoa. Damu ni ile ile, maamuzi mbalimbali. Anayempigia mtoto kura akitarajia kumpata baba anajinunulia mbuzi kwenye gunia.

Kongo inatuonyesha hatari ya mwisho, pale mlango usipokuwepo kabisa. Laurent-Désiré Kabila aliuawa Januari 2001. Siku 10 baada ya baba kupigwa risasi, mwanawe Joseph, kijana wa miaka 29 aliyelelewa kwa sehemu kubwa Tanzania, aliapishwa kuwa Rais. Hakupigiwa kura na yeyote hadi 2006. Na Uganda, Rais Yoweri Museveni, madarakani tangu 1986, alimteua mwanawe, Jenerali Muhoozi Kainerugaba, kuwa Mkuu wa Majeshi Machi 2024. Mtoto anapokabidhiwa jeshi na baba aliye Ikulu, mpiga kura anabaki mtazamaji.

Tufanye nini

Kuwazuia watoto wa viongozi kugombea ni dhuluma, na isitoshe haitasaidia. Wakizuiwa watoto, watasimamishwa wajomba na wakwe. Yapo mambo matatu yenye faida.

La kwanza ni kutenganisha kura na uteuzi. Mtoto wa rais anayegombea ubunge anaweza kuangushwa na wananchi, lakini anayeteuliwa na mzazi wake kuwa naibu waziri hana wa kumwangusha. Kenya, Katiba ya 2010 inataka mawaziri wahojiwe na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Tanzania ni Waziri Mkuu pekee anayethibitishwa na Bunge. Rais anapomteua ndugu wa damu au mkwe, uteuzi huo upite mbele ya kamati ya Bunge, hadharani, na sababu zielezwe. Kama mteule anafaa, atalishukuru Bunge kwa kumwondolea fedheha ya kuitwa aliyebebwa.

La pili ni mgombea binafsi. Kenya inamruhusu, na katika uchaguzi wa 2022 wapo walioingia bungeni bila chama. Hata asiposhinda, uwepo wake unakitisha kikao: wajumbe wakijua kwamba waliyemkata anaweza kurudi na kuwashinda, watafikiri mara mbili kabla ya kumkata kwa kumfurahisha mkubwa. Tanzania inadaiwa utekelezaji wa uamuzi wa mahakama iliyo Arusha, katika ardhi yake yenyewe.

La tatu ni kura za maoni zenye kauli ya mwisho. Leo mwanachama anapiga kura, kisha vikao vya juu vinaweza kumwacha aliyeongoza na kumchukua wa pili au wa tatu, kama ilivyotokea kwa wengi mwaka 2020. Vikao vibaki na mamlaka ya kumwondoa aliyehonga au mwenye jinai, kwa maandishi na kwa haki ya rufaa. Zaidi ya hapo, aliyeshinda apite.

Wewe msomaji, kama ni mjumbe au mwanachama wa chama chochote, fomu zitakapotoka safari ijayo usianze kwa kuuliza mtia nia ni mtoto wa nani. Uliza washindani wake walikuwa nani, walikatwa na nani, na kwa sababu gani. Na kikao kikikunyima majibu, usimpe kura yako mgombea kilichokuletea.